Taco za Jumanne usiku: chapati ndogo, nyama kavu na mumunye la nazi

Kwanza tulimalize la jina. Neno lenyewe huandikwa kwa "c", na nakushauri uliache hivyo hivyo. Siku binti yangu alipobandika karatasi kwenye mlango wa friji, "LEO TUNAKULA" kwa herufi kubwa na chini yake hilo neno kwa "k", mama mkwe wangu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akasoma tena, kisha akaniuliza kwa upole kama nyumba hii ina wazazi. Tangu hapo kwetu Ngamiani, Tanga, chakula hiki kinaitwa chapati za kukunja, na jina la Kimeksiko tunalitumia yeye akiwa hayupo.

Chakula chenyewe hakina siri. Ni chapati ndogo, laini, isiyo na mafuta juu, yenye upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Unaweka nyama au samaki katikati, unatia vikolombwezo vyake, unakunja mara moja, unakula kwa mkono. Kila mtu anajitengenezea yake, na katika nyumba yenye watoto watatu hilo ndilo linaloniokoa: asiyetaka kitunguu haweki, anayetaka pilipili ya kumtoa machozi ajimwagie mwenyewe, na mimi sipokei kesi.

Kilichonichukua muda kukielewa ni maji. Sisi watu wa pwani ni watu wa mchuzi. Wali bila mchuzi tunauona umekosewa adabu. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipika nyama ya kusaga kama ninavyoipikia tambi, nyanya nne na rojo zito la kuvutia. Kachumbari niliikata mapema ikakaa bakulini ikijitolea maji. Tulipoanza kukunja, mchuzi ulitiririka hadi viwikoni, chapati zikakatika katikati, na mkeka ukapata doa ambalo bado lipo. Ladha ilikuwa nzuri, lakini tulimalizia kwa vijiko. Ukiona basi huku chini nasisitiza kukausha, kukamua na kuchuja, ujue nimetokea wapi.

Na usidhani ni chakula kigeni sana kwa Tanga. Mkonge uliojenga mji huu asili yake ni Yucatán, Meksiko. Hata jina lake la Kiingereza, sisal, ni la bandari moja ya huko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kupitia Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ni 62 tu. Mahindi, pilipili na parachichi nayo asili yake ni upande huo huo. Vilitangulia kufika, mapishi ndiyo yamechelewa.

Sokoni

Hesabu hii ni ya watu sita, watu wazima watatu na watoto watatu, chapati tatu kwa kila mtu.

Nyama: nusu kilo ya kusaga, au zaidi kidogo. Usichukue iliyokwisha kusagwa ikalala. Chagua steki yenye mafuta kiasi, mwambie kaka wa buchani aisage mbele yako, mara moja tu. Ikisagwa mara mbili inakuwa kama uji na haikaukii vizuri.

Viungo: binzari nyembamba, ile ya pilau ambayo wengine tunaiita uzile, ndiyo inayobeba harufu ya chakula hiki. Nunua nzima, usinunue ya unga. Utahitaji pia giligilani ya mbegu, pilipili manga, paprika kama unayo, na kipande cha mdalasini. Pilipili manga na mdalasini wa milima ya Amani, juu ya Muheza, ukipata mpya utaona tofauti mara unapofungua karatasi.

Mboga za juu: nyanya nne ngumu, vitunguu maji vitatu, kitunguu saumu, kabichi robo, pilipili mbuzi au pilipili kichaa mbili, fungu la kotmiri, ndimu nne, parachichi mawili yaliyoiva kama ni msimu wake. Kabichi na karoti hapa kwetu zinashuka kutoka Lushoto, na asubuhi huwa bado zina ubaridi wa mlimani. Kwa bahati mbaya mimi hupita soko la Mgandini jioni, nachukua zilizobaki.

Mboga ya pembeni: mumunye moja changa la kama gramu 700, mahindi mabichi mawili, pilipili hoho moja, nusu nazi. Kuhusu mumunye nilifundishwa na mama mmoja muuza mboga. Nilimuuliza, "Hili ni changa, mama?" Akanijibu, "Tia ukucha, mwanangu. Ukucha ukiingia, changa. Ukigoma, hilo nenda kachotee maji." Na kweli, mumunye ni ndugu wa kibuyu, likikomaa ngozi inageuka ubao.

Nyumbani nitachukulia una unga wa ngano nusu kilo, mafuta, chumvi, nyanya ya kopo, na mtindi kikombe kimoja. Mtindi wa pakiti wa Tanga Fresh unafaa kabisa. Wenye kutafuta ile krimu chachu ya madukani waache, mtindi uliochujwa hauna tofauti ya kugombania.

Mpangilio wa saa moja

Watu wengi wanaanza na nyama kwa sababu ndiyo inayowatia hofu. Anza na unga. Unga unahitaji kupumzika, na wakati umepumzika wewe unafanya mengine yote. Ukiuchelewesha, nyama itapoa ikikusubiri usukume.

Mimi huingia jikoni saa 12 jioni. Robo saa ya kwanza ni ya unga na mtindi. Kuanzia hapo hadi saa 12 na nusu nakata vitu na kukaanga nyama. Mumunye linaingia jikoni nyama ikishatoka. Chapati zinaanza kuchomwa kwenye saa 1 kasorobo, na saa 1 na dakika chache sinia liko mkekani. Ukiwa na mtu wa kukusaidia kusukuma, kata dakika kumi.

Kama una jiko moja tu, iwe gesi ya mtungi mdogo au mkaa, fuata mpangilio huo huo bila kupindisha: nyama, mumunye, chapati mwisho. Nyama na mumunye vinavumilia kupoa kidogo. Chapati haivumilii.

Mtindi, ili uusahau

Tandika kitambaa safi cha pamba ndani ya chujio, mimina kikombe cha mtindi, funga ncha na utundike kwenye bomba la sinki au uache chujio juu ya bakuli. Ndani ya dakika 40 maji yatakuwa yamedondoka na utabaki na mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko. Tia chumvi kidogo na kamulia nusu ndimu wakati wa kupakua. Basi.

Unga

Hapa nitakaa kidogo, maana chapati ikiwa mbaya hakuna nyama itakayoiokoa.

Weka nusu kilo ya unga wa ngano kwenye bakuli pana, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi. Mimina vijiko vya chakula vinne vya mafuta au samli iliyoyeyuka, kisha sugua unga kwa viganja mpaka mafuta yapotee na unga ukishikwa kwa ngumi ushikane. Ndipo utie maji ya moto, si yanayochemka, ya moto unaoweza kutia kidole ukakitoa haraka. Kikombe kimoja cha robo lita kwanza, halafu kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Unga wa nyumba na nyumba hunywa maji tofauti, hivyo acha mkono uamue. Unga wa chapati hizi uwe laini kama ndewe ya sikio, wala usinate vidoleni.

Kanda dakika sita au saba. Gawa madonge 18, kila moja karibu na ukubwa wa ndimu kubwa, yaviringishe, yapange kwenye sinia, funika kwa kitambaa chenye unyevu. Yaache dakika 20 au zaidi. Usipoyapumzisha, ukisukuma yatarudi nyuma kama mpira, na utatumia nguvu zote za jioni kupata kitu cha ukubwa wa kisahani.

Utagundua hatukunji konokono wala hatupaki mafuta katikati. Chapati yetu ya kawaida ina tabaka, na tabaka hupasuka ukiikunja juu ya nyama. Hii ni ya tabaka moja.

Wapo watakaoniuliza kuhusu unga wa mahindi, kwa sababu taco za asili ni za mahindi. Ni kweli. Meksiko ya kaskazini ndiko wanakotumia ngano zaidi. Sehemu nyingine mahindi ndiyo mwenyewe. Lakini mahindi yao hayasagwi makavu kama sembe yetu. Huchemshwa kwenye maji yenye chokaa, yakalala humo usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa yakiwa bado na unyevu. Chokaa hulegeza ganda, hufanya donge lishikane bila ngano, na pia huufungua mwilini ule mchango wa vitamini ya niasini ambao vinginevyo mahindi huuficha. Sembe ya dukani haijapitia hayo, ndiyo maana ukijaribu kuisukuma peke yake inapasuka kingo kama ardhi ya kiangazi.

Njia ninayoitumia nikitaka harufu ya mahindi ni nusu kwa nusu. Vikombe viwili vya sembe vimwagiwe kikombe kimoja na robo cha maji yanayochemka pamoja na chumvi, koroga kwa mwiko, funika dakika kumi. Kikipoa kiasi cha kushikika, changanya na vikombe viwili vya ngano na mafuta vijiko viwili, kanda, pumzisha. Ikigoma kushikana ongeza maji ya uvuguvugu kijiko baada ya kijiko. Zinatoka nene kidogo na zina ladha nzuri, lakini kwa mara ya kwanza kaa na ngano tupu.

Nyama

Kwanza kaanga viungo vikavu: vijiko vya chai viwili vya binzari nyembamba na kimoja cha giligilani, kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, ukitikisa. Dakika moja na nusu hivi, harufu ikipanda hadi sebuleni, toa. Twanga kwenye kinu pamoja na nusu kijiko cha pilipili manga. Ongeza kijiko cha chai cha paprika na mdalasini wa kuonja tu, kiasi kinachoshikwa na ncha za vidole viwili. Mdalasini ukizidi nyama inaonekana kama ya pilau iliyopotea njia.

Sasa rudisha kikaango kwenye moto mkali, kijiko kimoja cha mafuta, tia nyama yote na uitandaze. Usiikoroge. Najua mkono unawasha, lakini iache dakika tatu ishike rangi chini. Ndipo uigeuze na kuivunjavunja kwa mwiko.

Maji yatatoka, mengi kuliko ulivyotarajia. Hapo ndipo wengi hutia nyanya, kisha wanashangaa rojo limetoka wapi. Subiri. Sikiliza kikaango: mwanzoni kinatokota, sauti nzito ya mapovu, maji yakiisha sauti inageuka kuwa ya kukaangika, nyembamba na kali. Kwa nusu kilo ni kama dakika nane. Nyama ikianza kupata rangi ya kahawia kwa mara ya pili, tia kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo sana, dakika tatu baadaye punje nne za kitunguu saumu kilichotwangwa, chumvi, na viungo vyote. Koroga nusu dakika tu, viungo vya unga huungua upesi.

Tia kijiko kimoja cha chakula cha nyanya ya kopo, ikaange mpaka wekundu wake uwe wa giza, kisha robo kikombe cha maji. Ndiyo, maji, baada ya kelele zote hizi. Kazi yake ni kukusanya ladha iliyoganda chini ya kikaango na kuisambaza kwenye nyama. Acha yakauke tena kabisa. Zima moto, kamulia nusu ndimu, onja.

Mwisho wa mwezi, nyama ikiwa robo kilo, ongeza vikombe viwili vya maharage yaliyochemshwa na kuchujwa, yaponde nusu yake kwa mgongo wa mwiko. Siyo kubana matumizi kwa aibu. Maharage ndani ya taco ni jambo la kawaida kabisa huko kwao, na watoto wangu wawili wanayapenda kuliko nyama tupu.

Na kama mchana mlikuwa na mishkaki ikabaki, ichane vipande, ipashe kwenye kikaango kikavu, umemaliza. Meksiko wana taco moja maarufu iliyozaliwa na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni, kwa hiyo mwenye kukuambia mishkaki haiingii humo mwambie akae chini ale.

Kachumbari isiyotiririka

Kata nyanya katikati, bonyeza mbegu na maji yake yatokee kwenye kikombe, usimwage. Nyama ya nyanya ikate vipande vidogo vya mraba. Kitunguu kimoja kikate vidogo, kisugue kwa chumvi, kioshe, kikamue. Changanya na kotmiri, ndimu moja na chumvi, kisha weka kwenye chujio juu ya kile kile kikombe cha maji ya nyanya, mpaka saa ya kula. Pilipili iwe kwenye kibakuli chake. Ukiichanganya ndani umeshawaondoa watoto mezani.

Kabichi ikate nyembamba kama uzi, itie chumvi na ndimu, ifinye kwa mikono mpaka ilegee, ikamue. Msimu wa maembe nachukua embe bichi badala yake, nalikwangua kwa kwangulio la karoti, chumvi na pilipili ya unga, kama lile wanalokatiwa wanafunzi nje ya geti la shule. Uchachu wake unakata mafuta ya nyama kuliko kabichi.

Parachichi lipondwe dakika ya mwisho kwa uma, na ndimu na chumvi. Likipondwa mapema linakuwa jeusi.

Mumunye la nazi

Meksiko wana mboga ya pembeni ya maboga machanga, mahindi mabichi, nyanya na pilipili, wanaiita calabacitas, na wengi humalizia kwa jibini. Nilipoisoma mara ya kwanza nikacheka, maana ukitoa jibini ukatia tui ni chakula cha shangazi yangu wa Pangani. Hivyo ndivyo ninavyoipika. Na katika sufuria hiyo mumunye ndilo lenye asili ya Afrika. Mahindi na hoho ndio wageni.

Menya mumunye, likate katikati, na kabla ya jambo lolote onja kipande kibichi kidogo. Kikiwa na ladha ya tango, endelea. Kikiwa kichungu, tema, tupa mumunye lote. Sifanyi mzaha hapa: mumunye chungu lina sumu yake ya asili, halifai hata likipikwa saa nzima, na linaweza kukuharisha na kukutapisha vibaya. Ni mara chache kulipata, ila kuonja hakugharimu kitu.

Toa moyo wenye mbegu kama umekomaa, kata vipande vya mraba vya ukubwa wa dadu. Punje za mahindi zikate kwa kisu ukisimamisha gunzi ndani ya bakuli pana, la sivyo zitarukia hadi kwa jirani. Mahindi mabichi yasipopatikana, kunde mbichi zilizochemshwa kidogo zinafaa, au njegere.

Kaanga kitunguu kimoja katika kijiko cha mafuta mpaka kiwe laini. Tia mahindi, dakika nne. Tia hoho na mumunye, moto wa kati, dakika sita au saba ukigeuza taratibu. Usifunike. Ukifunika, mvuke unashuka na mumunye linageuka uji. Sasa mimina kile kikombe cha maji ya nyanya na kachumbari ulichokitunza, kiache kikaukie kwa moto mkali. Mwisho kabisa, nusu kikombe cha tui zito, tui la kwanza, dakika mbili tu lishike mboga, na chumvi. Tui likichemka sana linakatika na kuachia mafuta. Kama umechoka kukuna, tui la kopo halina kosa, ingawa mama mkwe hujua kwa kunusa.

Hii haiingii ndani ya chapati. Inakaa pembeni kwenye sahani na inaliwa kwa kijiko. Wanaotaka maji maji, unyevu wao ni huu.

Kusukuma na kuchoma

Weka chuma cha chapati kwenye moto mkali mapema, kipate dakika tano kabla ya chapati ya kwanza. Dondosha tone la maji: likiruka na kupotea mara moja, kiko tayari. Usipake mafuta.

Nyunyiza unga kidogo kwenye kibao, sukuma donge mpaka upana wa sentimita 15 hivi, nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha mkono ukiinua kwenye taa. Kung'uta unga uliozidi, maana ukibaki unaungua na kuacha uchungu. Laza chapati kwenye chuma. Ndani ya nusu dakika itatoa malengelenge, igeuze. Upande wa pili nusu dakika tena, mabaka ya kahawia yakitokea, toa. Jumla isizidi dakika moja na robo. Ikikaa zaidi inakauka na kuwa kigae, na hapo haikunjiki.

Zilaze moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya hotipoti, funika kila unapoongeza. Mvuke wao wenyewe ndio unaozilainisha. Zikitoka kwenye chuma zinaonekana ngumu kidogo, zikikaa dakika tano humo zinakunjika bila kupasuka. Hili ndilo mahali pekee jioni nzima ambapo unyevu tunautaka.

Mpe mtoto wa miaka tisa mti wa kusukumia. Zitatoka za umbo la ramani ya Afrika, haidhuru, zinakunjika vile vile. Mama mkwe alipoona rundo la kwanza aliuliza kama unga umepungua, mbona chapati ndogo namna hii. Mjukuu akamjibu, "Bibi, unakula tatu." Akanyamaza. Alikula nne.

Mtoto akidai zile ngumu zilizopinda alizoziona kwenye televisheni, hizo ni mtindo wa Marekani zaidi. Chapati iliyochomwa ikunje nusu, ishikilie kwa koleo au uma mbili kwenye mafuta ya moto, nusu dakika kila upande, itabaki imepinda. Mimi hufanya mbili tatu siku za kuzaliwa, si Jumanne.

Kupakua

Hotipoti katikati ya mkeka, nyama kwenye kikaango chake, vibakuli vya kachumbari, kabichi, parachichi, mtindi, pilipili, na ndimu zilizokatwa robo. Nawisheni mikono. Mfundishe kila mtu mara moja: chapati kiganjani, mtindi upakwe kwanza katikati, vijiko vya chakula viwili vya nyama, si vitatu, kisha kachumbari na kabichi kwa ncha za vidole, ndimu, kunja. Mtindi chini unazuia mafuta ya nyama kulowesha chapati. Kichwa ndicho kinachoinamia taco, mkono ubaki juu ya sahani.

Ukitaka samaki

Tanga tunaishi na bahari mlangoni, na taco za samaki wa kukaanga ni fahari ya pwani ya Baja California, hivyo ukipita soko la samaki la Deep Sea ukakuta nguru mzuri, achana na nyama. Nusu kilo ya minofu isiyo na miiba, kata vipande vya urefu wa kidole. Tia chumvi, binzari manjano, kitunguu saumu na ndimu, lakini ndimu isizidi dakika kumi. Ikizidi inapika samaki na kumfanya akatike katike. Pakaza unga wa ngano, kaanga kwenye mafuta ya moto dakika tatu kila upande, mkaushie kwenye karatasi. Huyu anataka kabichi na mtindi zaidi kuliko nyanya. Embe bichi ndilo mwenziwe hasa.

Vinavyobaki

Kwa joto letu, nyama na mumunye visikae nje zaidi ya saa mbili, vikipoa, friji. Kachumbari haina kesho, imalizeni. Chapati zilizobaki zifunge kwenye mfuko, kesho yake zipashe kwenye chuma kikavu sekunde kumi kila upande, watoto wanazitaka na chai. Mumunye na tui lake linakwenda na wali wa mchana. Nyama, kwa kuwa umeshaikausha, iko tayari kuwa ya sambusa: ongeza kitunguu kibichi na kotmiri, funga kwenye manda, kaanga saa kumi jioni. Kwetu huwa inabaki ya sambusa sita au saba, na mama mkwe, aliyesema usiku ule hakushiba, ndiye wa kwanza kuuliza zimeiva.